Bunduki ya Nani, na Ilimwelekea Nani?

Hebu nianze na dai: katalogi ya mnada wa bunduki za kale ni fasihi, na inafaa tuisome kwa jicho lilelile kali tunalosomea riwaya. Ina wahusika, ina stori, na kuna mambo inayoyanyamazia. Hayo ya mwisho ndiyo yananikera.

Ninazosoma zaidi ni za karabini za Marekani za karne ya 19, zile bunduki fupi zilizotengenezewa askari wa farasi. Wazee wa pwani walitofautisha gobori, inayoshindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, na bunduki ya viasi, inayotiwa risasi kwa nyuma. Ukiwa juu ya farasi anayekimbia, tofauti hiyo si mchezo. Kushindilia gobori ukiwa huko juu ni sarakasi.

Inayotafutwa sana ni Springfield ya 1873, yenye mtutu wa inchi 22. Ndiyo waliyobeba askari wa Custer walioangamizwa kando ya mto Little Bighorn tarehe 25 Juni 1876. Namba ikionyesha kwamba karabini ilitengenezwa kabla ya siku hiyo, bei inapanda. Na penye bei hapakosi matapeli: wapo wanaokata mtutu wa bunduki ndefu ya askari wa miguu, kisha wanaiuza kama karabini halisi.

Kwa hivyo mkusanyaji makini haamini stori tamu. Anapima mtutu, anakagua namba, anatazama kama ubao umelika pale ulipokuwa ukisugua tandiko. Wahakiki tungeiga tabia hiyo.

Shida ni kwamba ukali huo unaishia kwenye mkono wa askari. Utaelezwa kila tone la kutu na kila mkwaruzo wa kitako, hata kikosi kitatajwa. Lakini aliyekuwa mbele ya mtutu? Walakota na Wacheyenne wanapita kama mandhari tu, ilhali vita hivyo wao ndio walioshinda, wakaondoka na karabini za waliokufa.

Silaha zilizopitia mikononi mwa wenyeji hao wakati mwingine huwa na misumari ya shaba kwenye kitako, au ngozi mbichi iliyofungwa ikakaukia pale ubao ulipopasuka. Muuzaji huziuza alama hizo kama mapambo, na matapeli nao hupigilia misumari mipya ili kupandisha bei. Lakini soma ile ngozi taratibu. Kuna mtu bunduki yake ilivunjika, hakuwa na kiwanda wala ghala la jeshi, akaitengeneza kwa alichokuwa nacho ili aendelee kulinda watu wake. Hayo ni maisha ya mtu, na katalogi inayapa neno moja.

Mwaka 1983 moto uliteketeza nyasi za uwanja ule wa vita. Mwaka uliofuata wanaakiolojia waliupekua kwa vifaa vya kutafutia chuma, wakaokota maganda ya risasi. Pini ya kila bunduki huacha alama yake kwenye ganda, kama alama ya kidole, kwa hivyo waliweza kufuata bunduki moja ilivyohama kutoka sehemu hadi sehemu. Kumbe wapiganaji wenyeji walikuwa na silaha za aina nyingi, zikiwemo Henry na Winchester zinazofyatua risasi mfululizo. Simulizi za wazee wao, ambazo wengi walikuwa wamezipuuza, zikapata uzito mpya.

Karabini chache zilizo mikononi mwa wakusanyaji zimelinganishwa na maganda hayo, zikaoana. Sasa fikiria: ushahidi uleule unaompandishia mwenye bunduki bei ndio unaothibitisha kwamba wenyeji walisimulia yaliyotokea. Katalogi inachukua nusu ya kwanza na kuiacha ya pili.

Sisemi watu waache kukusanya. Bila wao, vyuma vingi vingekuwa vimeyeyushwa zamani. Ninachodai ni aya moja zaidi katika kila maelezo: bunduki hii ilielekezwa kwa nani, katika ardhi ya nani, na watu hao wenyewe walisimulia nini. Kama nafasi ya kueleza kutu ipo, ya aya hiyo haiwezi kukosekana.