Akiba Inayooza: Uhakiki wa Istilahi za Hifadhi ya Kivinjari kwa Kuzingatia Mtumiaji wa Rusizi

1. Utangulizi

Makala haya yanahakiki istilahi mbili za Kiswahili zinazohusu vivinjari vya wavuti. Ya kwanza ni akiba, inayotumika kutaja nakala za kurasa na picha ambazo kivinjari hujiwekea ndani ya simu au kompyuta. Ya pili ni kamusi ya mbano, inayohitajika sasa kutaja data ambayo kivinjari hurejelea kinapofungua kurasa zilizobanwa. Hoja kuu ni kwamba istilahi ya kwanza ni angavu lakini si sahihi, na kwamba kasoro hiyo humgharimu mtumiaji. Muktadha unaozingatiwa ni Rusizi, iliyojulikana zamani kama Cyangugu, mkabala na Bukavu. Huko Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya mpaka muda mrefu kabla ya kupewa hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017.

2. Akiba na mzigo wa methali

Katika matumizi ya kawaida, akiba ni kile ambacho mtu hujinyima leo ili kimfae kesho. Methali husema akiba haiozi. Dhana hiyo ina sifa tatu: akiba huwekwa kwa makusudi, haipotezi thamani, na kuitupa ni hasara.

Nakala za kivinjari hukiuka sifa mbili za mwanzo. Hujiweka zenyewe bila mwenye simu kuamua, na huchacha: seva hueleza nakala itumike kwa muda gani kabla ya kuhakikiwa upya. Sifa ya tatu ni kweli nusu. Anayezifuta hapotezi kitu kisichopatikana tena, kwa kuwa asili ya ukurasa imebaki kwenye seva. Lakini atalazimika kuupakua upya, na anayenunua intaneti kwa vifurushi atalipia mara ya pili kile alichokwisha kukilipia.

Mtumiaji anayetegemea maana ya neno anaweza basi kupotoka kwa njia mbili. Mfanyabiashara wa Kamembe anayesoma amri ya kufuta akiba anaweza kuogopa kwamba picha za bidhaa zake zitapotea, akaacha simu ijae. Mwingine, akiisha kugundua kwamba hakuna kilichopotea, anaweza kufuta kila siku, asijue kwamba kifurushi chake kinaisha mapema kwa sababu hiyo.

3. Kamusi isiyo na maana za maneno

Tatizo linazidi kuwa zito kwa ujio wa kamusi za mbano. Mbinu ya Brotli, iliyosanifishwa mwaka 2016, ina kamusi ya ndani yenye vipashio 13,504, vikiwamo maneno na silabi za Kiingereza, Kihispania, Kichina, Kihindi, Kirusi na Kiarabu, pamoja na misemo ya lugha za kompyuta. Kiswahili hakimo katika orodha hiyo. Maandishi ya Kiswahili hubanwa vilevile, lakini hayapati msaada wa maneno yake yenyewe, na msaada huo hufaa zaidi katika maandishi mafupi.

Hatua iliyofuata ina manufaa zaidi kwa lugha kama Kiswahili. Katika utaratibu uliosanifishwa mwaka 2025 kwa waraka RFC 9842, tovuti yenyewe huteua kamusi yake. Toleo la faili lililopakuliwa jana linaweza kuwa kamusi ya toleo la leo, na seva ikatuma kwa sehemu kubwa tofauti tu. Gazeti la Kiswahili linaweza kwa njia hiyo kujitengenezea kamusi ya Kiswahili. Hata hivyo, kamusi hiyo hukaa katika hifadhi ileile inayoitwa akiba. Tena, kwa kuwa inaweza kutumiwa kumtambua mtumiaji, kanuni za faragha hutaka ifutwe vidakuzi vinapofutwa. Anayefuta kwa mazoea hufuta pia kile kilichokuwa kikimpunguzia matumizi ya data.

Kuhusu jina, kamusi hii haifafanui chochote. Ni mfuatano wa herufi wa kurejelewa. Kivumishi "ya mbano" ndicho kinachoitenga na kamusi ya msomaji, hivyo kisiachwe. Kitenzi kubana kinafaa kuliko kukandamiza, ambacho hubeba maana ya dhuluma.

4. Pingamizi na pendekezo

Inaweza kudaiwa kwamba akiba imekwisha kuenea, kwani ndiyo inayotumiwa katika violesura vya Kiswahili vya Google, na kwamba kuibadilisha kutazua mkanganyiko. Dai hili lina uzito. Wengine wangechagua kache, mkopo ambao aliyesoma Kifaransa huko Rusizi angeutambua upesi. Mkopo huo haupotoshi, lakini haumwelezi chochote msomaji asiyejua Kifaransa wala Kiingereza.

Makala haya yanapendekeza nakala za muda. Nakala hudokeza kwamba asili ipo mahali pengine. Za muda hudokeza kwamba huchacha. Pale ambapo akiba itabaki, kitufe cha kufuta kiambatane na maelezo kwamba kurasa zitapakuliwa upya kwa data ya mtumiaji.

5. Hitimisho

Uangavu wa istilahi haupimwi kwa wepesi wa kutambua neno pekee, bali pia kwa uamuzi ambao neno hilo humwongoza mtumiaji kuufanya. Kwa kipimo hicho, akiba haijafaulu. Wanaistilahi wa Kiswahili wanapaswa kuijaribu istilahi mbele ya watumiaji wa mipakani, ambako lugha hii hukutana na mahitaji ya kila siku, kabla haijachapwa kwenye vitufe.