Fasili ya Neno "Bangi" na Msamiati wa Utomvu katika Pwani ya Kilwa

Fasili iliyozoeleka katika kamusi za Kiswahili yasema kwamba bangi ni mmea ambao majani yake huvutwa kama tumbaku, na ya kwamba majani hayo hulevya. Ni fasili fupi, tena yaeleweka upesi. Ila aliyeitunga hakuutazama mmea. Kosa lenyewe si dogo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya mahakama za Tanzania, na mfasiri wa sheria ashikwapo na shaka huifungua kamusi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya haukuyategemea majani. Hutaja vichwa vya mmea vyenye maua au matunda, na kuyatenga majani yasiyofuatana na vichwa hivyo. Asomaye mkataba huo akiongozwa na kamusi atafahamu karibu kinyume chake.

Ushahidi ulio wazi kupita wote umeletwa na kamera. Nchini Canada, ambako tangu mwaka 2018 watu wa majimbo mengi wameruhusiwa kupanda hadi miche 4 nyumbani, wakuzaji huotesha mmea huu vyumbani, chini ya taa, na kuupiga picha kwa lenzi ya kukuzia. (Katika Tanzania kilimo hicho ni jinai, wala hakitetewi hapa.) Katika picha hizo lile jani lenye vidole, linalochorwa kila mahali kuwa alama ya bangi, halina kazi kubwa. Kinachojaza picha ni ua la mmea wa kike, lililofunikwa na vinywele vidogo, kila kimoja na kichwa cha mviringo mfano wa tone la umande. Na humo vichwani ndimo utengenezwamo utomvu ulevyao. Kwanza vichwa hung'aa kama kioo, kisha hufanana na maziwa, mwisho hugeuka rangi ya kaharabu.

Huenda mtunga kamusi akajitetea kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuyaeleza hayo. Utetezi huo haukubaliki, na pwani ya Kilwa na Lindi yatosha kuukanusha. Mkulima wa huko aujua mpapai dume, uchanuao bila kuzaa. Hivyo hahitaji msamiati mpya ili kuelewa mmea wenye dume na jike mbalimbali. Aliyepata kuwashwa na upupu hana haja ya kuelezwa kwamba nguvu ya mmea yaweza kukaa katika vinywele vyake. Ama kuhusu utomvu, ni sehemu chache zilizouchunguza kwa makini kuliko Kilwa. Katika karne ya 19 sandarusi ya pwani hiyo ilisafirishwa kwa njia ya Unguja hadi Salem, Marekani, ikatengenezwe vanishi, na bei yake ilitegemea jicho la mpimaji. Sandarusi iliyochimbwa ardhini, baada ya kusafishwa, ilitambuliwa kwa ngozi yake yenye vipele. Ile changa, isiyokomaa, iliitwa chakazi, neno ambalo wafanyabiashara wa Kiingereza walilivuruga hata likageuka jina la punda. Lugha iliyotofautisha utomvu mchanga na uliokomaa haishindwi na tone lililo juu ya ua.

Uzito wa jambo hili waonekana katika neno jipya, skanka, litumikalo katika matangazo ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kwa bangi yenye kilevi kikali. Asili yake ni jina la Kiingereza la mnyama wa Marekani anukaye, walilopewa machotara ya bangi yaliyozalishwa California katika miaka ya 1970. Msemaji wa Kilwa angeitambua sababu mara moja kama angetajiwa kicheche. Lakini kwa kuwa fasili ya zamani imesimama juu ya majani, hakuna njia ya kumweleza kwa nini skanka yashinda bangi nyingine, maana tofauti yao haimo jani­ni bali katika wingi wa utomvu wa maua.

Fasili ifaayo yaweza kuwa hivi: "mmea wenye dume na jike mbalimbali, ambao maua ya jike hutoa utomvu ulevyao, pia, maua hayo yakikaushwa pamoja na majani yake." Majani yabaki, maana mitaani "majani" ni jina jingine la bangi, lakini yawekwe mwishoni.