Kupatana Bei na Saa

Mtu aliyezoea soko la Kariakoo akifika London hujiona amenyang'anywa silaha yake kuu. Ulimi haufanyi kazi. Bei imebandikwa rafuni, mashine ya malipo haina watoto wa kuulizia hali, wala muuzaji hana mamlaka ya kukwambia, "Haya, ongeza kidogo uchukue." Basi wengi hukata tamaa wakasema mji huu ni wa wenye nazo, na mwenye mfuko mwepesi apige picha mbele ya Big Ben arudi zake. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Bei za London hupatanwa kama za Kariakoo, ila masikio yake yako kwingine: husikia saa. Anayejua kupanga saa zake na kuitumia miguu yake huishi vizuri katika mji huo kwa fedha ambazo mwenzake humaliza kwa teksi na mlo mmoja wa mchana. Huo ni ufundi, nami nataka kuusifu.

Kwanza tuutenge na ubahili. Bahili huumia kila anapotoa. Akiwa London hushinda chumbani na biskuti alizotoka nazo nyumbani, na siku ya kuondoka hujisifia kiasi alichookoa. Fundi huondoka mfuko mtupu, lakini mji ameuona. Wala fundi si mdokozi: haruki vizuizi vya stesheni, hajisingizii uanafunzi ili apate punguzo. Hufuata kanuni zilizoandikwa. Kazi yake ni kuzisoma hadi mstari wa mwisho, jambo ambalo wasafiri wengi hawana subira nalo.

Tuanze na kanuni za usafiri, maana ndipo fedha za mgeni huvuja. Treni za chini ya ardhi zina nauli mbili. Siku za kazi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, na tena saa kumi hadi saa moja jioni, mtu hulipa zaidi kwa sababu wafanyakazi wote wako njiani. Mgeni asiye na ofisi ya kuwahi ana sababu gani ya kugombania nafasi saa mbili asubuhi? Anywe chai yake kwanza. Basi nalo ni rahisi kuliko treni. Kwa miaka ya karibuni nauli yake imekuwa pauni 1.75 uende umbali wowote, na tangu Julai 2014 dereva hapokei fedha taslimu: unagusisha kadi, basi. Kisha kuna kanuni tamu iliyoanza mwaka 2016 na kupanuliwa mwaka 2018: ukishagusisha kadi mara ya kwanza, mabasi mengine yote utakayopanda ndani ya saa moja hayakuongezei hata senti, mradi utumie kadi ile ile. Mwenye kuijua hushuka dukani, akanunua mkate, akapanda linalofuata bila wasiwasi.

Watu hulipa fedha nyingi kupanda mabasi ya watalii yenye msimulizi wa kwenye kipaza sauti. Fundi hupanda namba 24. Basi hili linaanzia kaskazini karibu na Hampstead Heath, linateremka Camden Town, linapita jirani na British Museum, linaingia Trafalgar Square, linafuata Whitehall penye wizara, linalizunguka Bunge, kisha linaelekea Victoria na Pimlico. Ukiwahi kiti cha mbele ghorofani, kioo chote ni chako na mji unakujia. Msimulizi hayupo, lakini nyuma yako wamekaa mabibi wawili wanaosimuliana habari za mgonjwa wao, na hapo unajifunza London ambayo kipaza sauti hakiijui.

Hata hivyo, basi lenyewe halishindani na miguu. Ramani maarufu ya treni imechorwa kwa usomaji rahisi, haikuchorwa kwa vipimo vya ardhi, hivyo huficha jinsi stesheni za katikati zilivyo karibukaribu. Kutoka Leicester Square hadi Covent Garden ni chini ya mita 300, na kila siku kuna wageni wanaoshuka chini ya ardhi, wakasubiri treni, wakalipa nauli kamili, wakapandishwa kwa lifti, kwa mwendo ambao mtoto angeumaliza kabla hajachoka na pipi yake. Barabarani zimesimamishwa nguzo zenye ramani, na kila moja imechorewa duara la mahali unapoweza kufika kwa dakika tano za kutembea. Nguzo hizo ni rafiki wa kweli wa mfuko mwembamba.

Sasa tuingie ndani. British Museum iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1753, ikafunguliwa mwaka 1759 bila kiingilio, na msingi wake ulikuwa mkusanyiko wa daktari Hans Sloane. Sehemu ya utajiri wa Sloane ilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Jamaika, kwa jasho la watumwa. National Gallery ilianzishwa mwaka 1824, na jengo lake likawekwa Trafalgar Square ili matajiri wa magharibi mwa mji wafike kwa magari yao ya farasi na maskini wa mashariki wafike kwa miguu. Mlango huo wa bure haukubaki wazi wenyewe. Katika miaka ya 1980 baadhi ya makumbusho ya taifa, ikiwemo Natural History Museum, yalianza kutoza kiingilio. Ikabidi watu wabishane miaka mingi hadi tozo hizo zilipoondolewa Desemba 2001. Unapoingia bila kulipa leo, unaingia kwa uamuzi wa kisiasa ambao ungeweza kuwa mwingine.

Faida kubwa ya kuingia bure inazidi kuokoa fedha: inabadili namna ya kutazama. Aliyelipa pauni 30 mlangoni hujilazimisha kuona kila kitu ili fedha yake irudi. Anapita vyumba mbiombio, na jioni hakumbuki zaidi ya maumivu ya nyayo. Asiyelipa anaweza kuingia National Gallery kwa nusu saa, akatazama picha moja, akatoka. Nenda kwenye picha ya mume na mke wa ukoo wa Arnolfini aliyoichora Jan van Eyck mwaka 1434. Ni ndogo, haifiki mita moja kwenda juu. Mara ya kwanza utaona watu wawili wameshikana mikono, basi. Tulia. Utaona machungwa karibu na dirisha, na kwamba katika kinara cha juu unawaka mshumaa mmoja peke yake, mchana kweupe. Kisha macho yatafika kwenye kioo cha duara ukutani nyuma yao, na ndani ya kioo utaona migongo ya wale wawili, na mbele yao, mlangoni, watu wengine wawili wanaingia. Wanasimama mahali pale pale uliposimama wewe. Jambo hilo halionekani kwa dakika mbili. Linamtaka mtu mwenye wakati, na wakati ndiyo mali pekee ambayo mgeni asiye na fedha amejaaliwa kwa wingi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna sababu nyingine ya kuingia kifua mbele. Miongoni mwa mali za British Museum lipo jiwe kutoka Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, ambalo Louis Leakey alilipata katika safari yake ya mwaka 1931. Ni jiwe la volkeno lenye ukubwa wa kushikika kwa kiganja, limegongwa pande zote mbili hadi likapata ukingo wa kukatia, na umri wake ni takriban miaka milioni 1.8. Vipo pia vigae vilivyookotwa Kilwa Kisiwani: vya kaure ya China, vya Uajemi vyenye rangi ya kijani-buluu, na vya kahawia vya udongo wa pwani yenyewe. Jungu kuu halikosi ukoko, na jungu hili la London lilipikiwa nafaka za watu wengi, za kwetu zikiwemo. Kula ukoko wake bila kuona haya.

Chakula nacho husikia saa. Jioni maduka makubwa hubandika vibandiko vya njano juu ya bidhaa zinazokaribia mwisho wa siku zake za kuuzwa: kuku wa kuoka, mikate, saladi, wakati mwingine kwa robo ya bei ya asubuhi. Wenyeji wenyewe wanazijua saa za duka la mtaani kwao, na utawaona wakizungukazunguka rafu kwa kujifanya hawana haraka. Sokoni Ridley Road, kule Dalston, na Brixton, nyanya, pilipili na maembe hupangwa kwenye mabakuli ya chuma, kila bakuli kwa bei moja. Unanyoosha kidole, muuzaji analimimina kwenye mfuko, biashara imekwisha. Huko huko utapata mihogo, ndizi za kupika na bamia. Maji ya bomba yanafaa kunywewa yalivyo, kwa hiyo kununua chupa ya maji kila saa ni kodi ya kutojua.

Usiku je? Ng'ambo ya kusini ya mto Thames imejengwa upya Globe, ukumbi wa maonyesho wa enzi za Shakespeare, uliofunguliwa mwaka 1997. Katikati uko uwanja usio na paa ambako mamia ya watazamaji husimama, na kwa miaka mingi tiketi zake zimeanzia pauni 5, huku waliokaa kwenye mabenchi wakilipa mara kadhaa zaidi. Masharti ni makali: hakuna kukaa chini wakati wa onyesho, hakuna mwavuli hata mvua inyeshe. Lakini waliosimama ndio walio karibu zaidi na jukwaa, kiasi kwamba mwigizaji anaweza kumsemesha mmoja wao usoni. Mswahili aliyesoma *Mabepari wa Venisi*, tamthilia ya Shakespeare, kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 hatakuwa mgeni wa mhusika wake Shylock pale. Miguu itauma, na hiyo ndiyo sehemu ya pili ya bei.

Kuna na milango ambayo watu huidhani imefungwa. Ukitaka kutembelea Westminster Abbey kama mtalii utalipa kiingilio kikubwa. Ukija kwenye ibada ya jioni utaisikia kwaya yake ukiwa umeketi, bila malipo. Kuna adabu yake: ile ni sala, na anayekwenda akae kama aliye kwenye sala, simu mfukoni, hadi mwisho. Bungeni hali kadhalika: siku za vikao, watu wa nchi yoyote hupanga foleni, hukaguliwa, kisha huketi ghorofani kusikiliza wabunge wakibishana. Na ukitaka safari ya majini, kivuko cha Woolwich kimevusha watu na magari bila nauli tangu mwaka 1889. Greenwich nayo ina njia ya waenda kwa miguu inayopita chini ya mto, iliyofunguliwa mwaka 1902. Toka humo, panda kilima cha bustani, na mji mzima uko chini yako. Mstari wa kihistoria uliotumika kupimia saa za dunia unapita hapo. Uani mwa jengo la wanaastronomia wanalipisha, lakini nje, ukutani, mstari huo huo umewekewa alama, na unaweza kusimama mguu mmoja mashariki na mwingine magharibi bila kuombwa tiketi.

Kitu kimoja hakisikii saa vizuri, nacho ni kitanda. Malazi ya London ni ghali, na nafuu yake ni ndogo: vyumba vya kulala watu wengi, mitaa ya mbali na katikati, au mabweni ya vyuo vikuu yanayokodishwa wanafunzi wakiwa likizo ya kiangazi. Wengi wetu tutafikia kwa ndugu. Hapo fundi akumbuke kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: anunue mboga, apike wali, amwangalie mtoto mwenye nyumba apate kulala. Kubana matumizi kwa kumkamua aliyekupokea ni aibu, hata ukiita undugu.

Na tusipambe hadithi. Mabasi ya London ya alfajiri, kabla treni hazijaanza, hujaa wafanya usafi na walinzi, wengi wao wahamiaji kutoka Afrika na Amerika Kusini. Wao pia wanazijua saa za vibandiko vya njano na kanuni ya saa moja ya basi, wanazijua kuliko mgeni yeyote. Tofauti ni kwamba mgeni ana wakati bila fedha, na wao hawana hicho wala kile. Ufundi huu hauponyi ujira mdogo, na anayeusifu bila kulisema hilo anasifu nusu yake.

Basi ukijaaliwa kwenda, usiulize kwanza una pauni ngapi. Uliza una siku ngapi, na viatu vyako vikoje. Panga chumba kimoja cha makumbusho kwa siku, kula wanakokula wenyeji, fika pale saa ambayo wenye haraka wameshaondoka. Na siku utakapobakiwa na sarafu, itie kwenye sanduku la michango lililo karibu na mlango wa makumbusho. Mlango ule uliwahi kufungwa kwa wengine, na unaweza kufungwa tena.