Madini Haba, si Madini Adimu

Mfugaji wa nguruwe afikapo Kariakoo kutafuta mahitaji ya banda lake, mara nyingi hupewa mfuko ulioandikwa kwa Kiingereza na maelezo ya mdomo kwa Kiswahili. Ni katikati ya hayo mawili ndipo kazi ya mfasiri inapohitajika, na kwa maoni yetu kazi hiyo bado hairidhishi.

Tuanze na neno "adimu". Wapo wanaoziita zinki, shaba, chuma, manganizi, ayodini na seleniamu "madini adimu". Kitu adimu ni kile kisichopatikana kwa urahisi. Chuma si adimu hata kidogo. Udongo wetu mwekundu umepata rangi yake kwacho. Kinachokusudiwa si ugumu wa kuyapata madini hayo, bali uchache wa kiasi ambacho mwili wayahitaji, na kwa uchache wa kiasi neno tunalo: haba. Huu si ubishi wa wanaisimu tu. Kitu adimu huthaminiwa, na aliyekipata hutamani kukizidisha. Viwango vilivyotolewa mwaka 2012 na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani vyataka miligramu 0.15 za seleniamu katika kila kilo ya chakula cha nguruwe wanaozaa. Zikifika miligramu 5 hadi 10, mnyama hudhurika: manyoya humtoka na kwato hubanduka. Kwa hesabu hiyo, kilo 100 za chakula zahitaji miligramu 15 tu, kiasi kisichopimika kwa kijiko. Ndiyo sababu madini haya huchanganywa kwanza na unga mwingine, mchanganyiko huo ukaitwa premiksi. (Jina hilo tuliache lilivyo. Kariakoo yenyewe ni Carrier Corps iliyovikwa kanzu.)

Kwa sababu iyo hiyo, "ziada" haifai kuwa jina la kinachotiwa katika chakula, maana ziada ni kilichozidi. "Nyongeza" yavumilika. Sisi tungependelea "kijazio", kwa kuwa pengo likishajaa halijazwi tena.

Zinki nayo isiitwe bati. Mabati ya mapaa ya Kariakoo ni chuma kilichopakwa zinki, na bati lenyewe ni madini mengine kabisa. Jambo hili lina uzito, kwa kuwa chokaa ikizidi katika chakula huzuia zinki isifyonzwe mwilini, ngozi ya nguruwe ikakakamaa na kufanya magamba. Mfugaji aliyeambiwa "bati" hatajua aulizie nini dukani.

Lakini upungufu mkubwa zaidi umo katika jina la mnyama. (Hatusemi habari ya "kitimoto", ambalo ni jina la sahani.) "Nguruwe jike" hueleza jinsia, haielezi hali. Wazee wetu walisema "mtamba" kwa jike ambaye hajazaa, na "koo" kwa aliyekwisha zaa, kama koo la kuku au koo la mbuzi. Maneno haya yamelala bure, ilhali viwango tulivyovitaja vyatofautisha: koo mwenye mimba apewe miligramu 10 za shaba kwa kilo ya chakula, na anayenyonyesha 20. Kwa chuma tofauti ni kubwa zaidi. Maziwa ya nguruwe yana chuma haba sana, na kumlisha mama chuma kingi hakuongezi sana kilichomo katika maziwa hayo. Kwa hiyo watoto huchomwa sindano ya chuma katika siku za kwanza za maisha yao. Maagizo yasemayo "mpe nguruwe chuma" yaweza kumfanya mfugaji ajaze hori la mama huku watoto wakifa kwa upungufu wa damu.

Ayodini haitusumbui. "Madini joto" lilikwisha kuenea pamoja na chumvi ya mezani, ingawa halina joto lolote, na mfasiri atakaye kulibadili sasa atawachanganya wanunuzi bure.