Tulipoicheza Hadithi ya Uongo: Tahakiki ya Mchezo wa Uncharted 4

Katika kikao cha idara cha muhula uliopita, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alileta pendekezo la tasnifu kuhusu usimulizi katika mchezo wa video. Baadhi yetu tulicheka. Mwenzetu mmoja aliuliza kama mwaka ujao tutapokea tasnifu ya karata. Pendekezo likaahirishwa, na sisi wawili tuliopewa kazi ya kulipitia tukaona si haki kuhukumu kazi ambayo hatujaiona. Tuliucheza mchezo huo kwa wikendi tatu, pedi ikipita mkono hadi mkono, na mara nyingi ikirudi kwa mwanafunzi mwenyewe kila walimu wake walipoanguka jabalini.

Mchezo ni Uncharted 4: A Thief's End, uliotengenezwa na kampuni ya Marekani iitwayo Naughty Dog na kutolewa Mei 2016. Waliouongoza ni Neil Druckmann na Bruce Straley. Una sura 22, dibaji na tamati. Nathan Drake, mtafuta hazina aliyeacha kazi hiyo, sasa ni mzamiaji wa kuopoa mizigo iliyozama, na anaishi kwa utulivu na mkewe, Elena. Siku moja kaka yake Sam, aliyedhaniwa kuwa amekufa katika gereza la Panama miaka 15 iliyopita, anamtokea na habari za hazina ya haramia Henry Avery. Nathan anamdanganya mkewe kwamba anakwenda kazini Malaysia, kisha anaondoka.

Tuanze na pale tulipoguswa. Sura ya nne haina risasi ya kweli hata moja. Nathan yuko darini akipitia vitu vya safari zake za zamani, na anacheza kwa bastola ya watoto. Anashuka, anakula chakula cha jioni na Elena, kisha wanashindana katika mchezo wa zamani wa Crash Bandicoot ili ijulikane nani ataosha vyombo. Tunaambiwa mengi hapo bila kuhutubiwa: mtu huyu anampenda mkewe, na nyumba hii inambana. Wanafunzi wetu tunaowafundisha kila mwaka kwamba mhusika hujengwa kwa matendo zaidi ya maelezo wangenufaika na robo saa hiyo kuliko na mhadhara wetu wa saa mbili.

Lakini hoja kubwa ya mwanafunzi wetu ilihusu jambo jingine, na ndiyo iliyotunyamazisha. Sam anamsimulia mdogo wake jinsi alivyotoroka gerezani pamoja na jambazi Hector Alcázar, ambaye amempa miezi mitatu aipate hazina au auawe. Masimulizi hayo hatuyasikii tu. Mbinu rejeshi inatupeleka gerezani, tunakuwa Sam, tunakimbia na kupiga risasi kwa vidole vyetu wenyewe. Sura nyingi baadaye, adui yao Rafe anafichua kwamba utoroko huo haukuwapo: Alcázar amekwisha kufa, na aliyemtoa Sam gerezani ni Rafe, kwa fedha zake. Msimulizi asiyeaminika tunamjua katika riwaya. Katika fasihi simulizi pia fanani anaweza kuihadaa hadhira yake. Hapa hadhira ndiyo iliyoutenda uongo kwa mikono yake, na ikauamini kwa sababu hiyo hiyo. Mmoja wetu aliiweka pedi chini akasema, "Mimi nilikuwapo!" Hatukumbuki riwaya iliyotufanya tuseme hivyo.

Sasa udhaifu, nao si mdogo. Nathan ni mcheshi, mwenye huruma, mume anayeona haya kusema uongo. Mtu huyo huyo, kati ya onyesho na onyesho, anaua mamia ya walinzi wa kukodiwa, na hakuna anayeulizwa juu yao. Elena anamlaumu kwa uongo wa Malaysia tu. Tangu 2007, Clint Hocking alipoandika kuhusu mchezo wa BioShock, wahakiki wa michezo wamekuwa na istilahi ya mgongano huu baina ya kinachosimuliwa na kinachotendwa. Watengenezaji waliijua: mchezaji anayeua maadui 1,000 hupewa nishani yenye jina la istilahi hiyo. Tulicheka, kisha tukakasirika kidogo. Kulitania kosa si kulirekebisha.

Pia msuko unalegea katikati. Kila ukingo wa mwamba unavunjika mguu ukigusa, na kila ukuta mrefu una kreti ya magurudumu inayosubiri kusukumwa. Taharuki inayorudiwa mara kumi huwa ni kazi ya kibarua.

Kuna Madagaska pia, na hapa tunazungumza kama watu wa ukanda huu. Avery alikuwapo kweli. Mwaka 1695 aliteka Ganj-i-Sawai, meli ya mfalme Aurangzeb wa India iliyokuwa na mahujaji waliotoka Makka wakirejea Surat, na abiria walitendewa ukatili mkubwa. Libertalia, mji huru wa maharamia, unatoka katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1728 kwa jina la Kapteni Charles Johnson, na wanahistoria wengi wanauona kuwa wa kubuni. Mchezo unaunganisha mambo haya mawili kwa ustadi. Barua na maandishi yanayookotwa magofuni yanasimulia jinsi waanzilishi walivyowapora raia wao na kisha wao kwa wao wakamalizana, na kwetu hadithi hiyo ya maiti inaipita ya walio hai. Ila Wamalagasi wako wapi? Wanapita sokoni, mabanda yao yanavunjwa na magari yanayofukuzana, basi. Nani alibeba mawe ya majumba yale? Mahujaji nao ni chanzo cha dhahabu tu. Kazi inayojali hivi dhuluma kati ya haramia na haramia ilikuwa na nafasi ya kuuliza.

Nadine Ross, kiongozi wa askari wa kukodiwa kutoka Afrika Kusini, ametendewa vizuri zaidi: karibu na mwisho anaona hazina haistahili kufiwa, anaondoka, na kuwaacha wanaume wauane. Tulimpigia makofi.

Taarifa yetu kwa kikao inapendekeza tasnifu ikubaliwe, kwa sharti kwamba sura moja ishughulikie ukimya huo wa Madagaska. Tatizo lililobaki ni la istilahi. Vile vipande ambavyo mchezaji hana mamlaka, anatazama tu, tuviiteje? Mwanafunzi anataka "kipande cha filamu", sisi tulijaribu "onyesho funge", na mhadhiri wa isimu amevikataa vyote viwili. Wasomaji wenye pendekezo bora walilete ofisi ya idara kabla ya kikao kijacho.