Sarufi ya Kingo: Kuisoma Windows 8 kwa Kidole

Windows 8 ilitolewa rasmi tarehe 26 Oktoba 2012, siku ileile Microsoft ilipoanza kuuza Surface, kishikwambi cha kwanza kubuniwa na kampuni hiyo yenyewe. Mjadala uliofuata ulikwama kwenye kitufe cha Start kilichoondolewa katika kona ya chini ya skrini, na mfumo mzima ukahukumiwa na watu walioushika kwa kipanya, chombo ambacho sehemu iliyo bora ya mfumo huo haikuandikiwa. Nataka kuusoma kwa kidole, kishikwambi kikiwa mikononi, na kuuliza juu ya kila kipengele swali ambalo mhakiki huliuliza juu ya vina na mizani: kimewekwa hapa kwa sababu gani, na kinahusianaje na jirani zake? Kwa kusomwa hivyo, Windows 8 inajidhihirisha kuwa kazi ya sanaa yenye sarufi yake kamili, iliyojengwa juu ya mahali ambapo mikono ya mtu hukaa; na matoleo yaliyofuata, hadi Windows 11, yameazima viambishi vya sarufi hiyo bila kuujenga upya muundo uliovipa maana.

Tuanze na mwili wa kifaa, kwa kuwa umbo la mfumo limefuata umbo la mwili huo. Surface ile ilikuwa na skrini ya inchi 10.6, pikseli 1366 kwa 768, uwiano wa 16 kwa 9. Kitu kipana namna hiyo hushikwa kwa mikono miwili kikiwa kimelala, na kikishikwa hivyo vidole vinne vya kila mkono hubeba uzito kwa nyuma, vidole gumba tu vikabaki mbele na uhuru wa kutenda. Katikati ya skrini, ambako kompyuta ya mezani huweka karibu kila jambo lake la maana, ndipo mahali pagumu zaidi kufikiwa. Kingo za kulia na kushoto ndizo zilizo chini ya gumba. Windows XP Tablet PC Edition ya 2002 haikuhitaji kulifikiria hilo, maana iliandikiwa kalamu. Kalamu ina ncha: huelea juu ya skrini na kuonyesha inakoelekea, hugusa kitu chembamba bila kukificha, na kwa hiyo mfumo ule uliweza kubaki na menyu zilezile za kipanya na kuongeza tu mahali pa kuandikia kwa mkono. Kidole hakina ncha, na kila kinachokigusa hukifunika. Wabunifu wa 2012, chini ya uongozi wa Steven Sinofsky na Julie Larson-Green, walianzia kwenye upungufu huo wakaufanya kanuni.

Kanuni yenyewe ni kwamba skrini iachiwe yaliyomo, na amri zikae nje ya fremu mpaka ziitwe. Kila ukingo ukapewa kazi yake, na kazi hizo hazikugawanywa kiholela. Kidole kikiteleza kutoka ukingo wa kulia kuingia ndani, hujitokeza vitufe vitano vilivyopangwa wima, vya kutafuta, kushiriki, kurudi mwanzo, kuunganisha vifaa na kupanga mipangilio, na vitano hivyo ni vilevile katika kila programu. Hapa msemaji ni mfumo. Kikiteleza kutoka kushoto, programu iliyotumika kabla ya hii huingia ikifuata gumba. Hapa kinachosemwa ni wakati, kwa kuwa ukingo huo ndio unaokumbuka ulikotoka. Kingo za juu na chini zimeachiwa programu yenyewe, iziwekee amri zinazoihusu peke yake. Ndivyo kitenzi chetu kinavyotenga nafasi ya nafsi, ya njeo na ya mzizi, kila kiambishi kikatambulika kwa mahali kilipo kabla hata hakijatamkwa kikamilifu. Anayeingia katika programu ngeni kabisa anajua tayari wapi pa kutafuta nini. Sifahamu mfumo mwingine wa vishikwambi wa miaka ile uliokuwa na mgawanyo ulio safi kiasi hiki. iPad ya wakati huo ilikuwa na wepesi mwingi, lakini ilikuwa na kitufe kimoja cha kurudi nyumbani, na mengi mengine yalitegemea hiari ya kila mtunzi wa programu.

Sehemu ninayoiona kuwa ya ustadi wa juu kabisa ni ndogo, na wengi walioutumia mfumo huu hawakuwahi kuigusa. Skrini ya kuanzia ina vigae hai vilivyopangwa katika makundi yanayoenda kulia, kwa hiyo kusoma ni kutelezesha kidole kwa mlalo. Mwendo wa kusoma ukishachukua mhimili mmoja, mhimili wa pili unabaki huru, na wabunifu hawakuuacha bure. Weka kidole juu ya kigae, ukivute chini kidogo tu: kigae kinashuka kidogo pamoja na kidole, alama ya vema inatokea kwenye kona yake, na amri zinazokihusu zinapanda kutoka ukingo wa chini. Kigae kimechaguliwa. Ukiendelea kukivuta, kinang'oka mahali pake na kuwa tayari kuhamishwa. Kitendo kimoja kina daraja mbili, na mpaka kati yake unauhisi kwenye kidole kabla hujauona kwa jicho. Mifumo mingine hutumia mguso wa kushikilia kwa kazi hiyohiyo, yaani humtaka mtu atulize kidole na kungoja. Hapa kungoja kumeondolewa, mwendo umechukua nafasi yake. Kisha fungua programu ya barua pepe, ambamo orodha ya ujumbe husomwa kwenda chini, nawe utakuta kuchagua ujumbe kunafanywa kwa kuuvuta kando. Kumbe sheria haikuwa kuvuta chini. Sheria ni kuukatiza mwelekeo wa kusoma, popote mwelekeo huo unapoelekea, na sheria ya namna hiyo haiwezi kutungwa na mtu anayepanga vitufe kimoja kimoja. Hutungwa na mtu aliyeuona mfumo mzima kama lugha.

Kufunga programu nako kunastahili kutazamwa polepole. Kidole huanzia ukingo wa juu na kushuka. Programu nzima, pamoja na maandishi na picha zilizomo, hupungua ukubwa na kuning'inia chini ya kidole kama kadi, na ikifikishwa ukingo wa chini huondoka. Katika Windows 8.1, ukiishikilia pale chini kwa muda mfupi, kadi hujigeuza upande wa nyuma, ishara kwamba sasa imezimwa kweli badala ya kuwekwa pembeni. Katika muda wote huo hakuna msalaba wa kufungia wala swali la kuthibitisha. Uthibitisho ni umbali: kidole kimevuka skrini nzima, na jambo linaloondoa kitu limepewa mwendo mrefu kuliko yote ili lisitokee kwa bahati mbaya.

Kibodi ya skrini iliyopasuliwa, inayosogeza herufi nusu upande wa kulia na nusu upande wa kushoto, chini ya magumba, na kuweka tarakimu katikati, imetoka kwenye fikra hiyohiyo. Kubana vidole ili makundi ya vigae yaonekane yote kwa pamoja ni kipengele kizuri ambacho hakina la kuelezwa zaidi. Kugawa skrini ili programu ya pili ikae katika safu ya pikseli 320 kulikuwa kugumu kidogo, maana safu ilikuwa na upana mmoja tu na ilihitaji skrini yenye pikseli 1366 au zaidi, lakini hata ugumu huo ulikuwa na faida yake: mtunzi wa programu alijua vipimo halisi vya kuandikia, kama mtunzi anavyojua idadi ya mizani kabla hajaanza ubeti.

Kasoro ya mfumo huu iko mahali pengine, nayo ni nzito. Kingo hazina alama. Hakuna mstari, kivuli wala ncha inayochungulia kumwambia mtu kwamba nje ya fremu kuna kitu, na sarufi iliyo safi namna ile ikawa ni ya kufundishwa, haikuweza kukisiwa. Mfano unaouma zaidi ni kuzima kifaa: telezesha kutoka kulia, gusa mipangilio, gusa alama ya umeme, kisha chagua kuzima. Kwa mantiki ya mfumo hilo lina sababu, kwa kuwa kishikwambi hulazwa na hakizimwi, na lisilofanywa mara kwa mara linaweza kukaa mbali. Lakini msomaji mpya hana mantiki hiyo mkononi. Ana skrini iliyonyamaza pande zote nne. Kuficha amri ni mbinu halali inapokuwa na dokezo, na dokezo moja dogo la kudumu kwenye ukingo mmoja lingetosha kuufungua ukurasa mzima.

Kisha kuna mshono. Kigae kimojawapo kinaitwa Desktop, na ukikigusa unashuka kwenye eneokazi la zamani, lenye madirisha, upau wa kazi chini na msalaba mdogo wa kufungia kwenye kona ya juu kulia. Mwongozo wa Microsoft wenyewe kwa watunzi wa programu ulipendekeza shabaha ya mguso isipungue milimita 7 kila upande, na milimita 9 pale ambapo kukosea kuna gharama, kama vile kufunga au kufuta. Ndani ya eneokazi vipimo hivyo vinasahauliwa. Ukigusa kisanduku cha maandishi, kibodi haitokei yenyewe, inabidi uiite kwa aikoni iliyo kwenye upau wa kazi, kisha ikitokea inafunika mahali ulipotaka kuandika. Mipangilio iko mara mbili, mipya upande mmoja na Control Panel upande mwingine. Hata Internet Explorer ilikuwa mbili, kila moja na kurasa zake ilizozifungua, zisizojuana. Kuwapo kwa eneokazi hakukuwa kosa, kwani programu za miaka mingi hazikuweza kuachwa. Kosa ni kwamba kazi mbili zilifungwa katika jalada moja na hakuna aliyeandika kurasa za kuziunganisha. Kingo tatu zinaendelea kuitika hata ndani ya eneokazi, jambo ambalo linauzidisha mkanganyiko: sarufi ya kidole inasikika juu ya matini ya kipanya, na ukingo wa chini, ambao kwingine ni wa programu, ghafla hausemi kitu.

Masahihisho yalikuja haraka. Windows 8.1 ya tarehe 17 Oktoba 2013 ilirudisha kitufe cha Start na kuufanya mgawanyo wa skrini uwe na upana wa kuchagua, na hilo la pili lilikuwa jema. Lakini ilipoamua kwamba kutelezesha kidole kwenda juu kwenye skrini ya kuanzia kufungue orodha ya programu zote, mhimili wa wima ulipewa kazi mpya, na uchaguzi wa vigae ukarudishwa kwenye mguso wa kushikilia. Uzuri niliouchambua hapo juu uliondolewa kwa sahihisho lililokuwa na nia njema, na waliolipitisha yaelekea hawakuona kwamba mstari mmoja ulikuwa umebeba mwingine. Windows 10 ya tarehe 29 Julai 2015 iliviondoa vile vitufe vitano vya kulia, ikaweka arifa mahali pake, na ikaleta hali maalumu ya kishikwambi iliyojaza skrini kwa programu moja. Windows 11 ya tarehe 5 Oktoba 2021 ikaifuta hali hiyo: sasa matini ni moja, na kibodi ikitenganishwa na kifaa, aikoni za upau wa kazi hupeana nafasi na kingo za madirisha huwa rahisi kushikwa.

Mshono umetoweka, na hilo si jambo dogo. Ila tazama kilichochukua nafasi ya sarufi. Kubadilisha programu, kuona madirisha yote na kurudi kwenye eneokazi hufanywa kwa vidole vitatu vinavyotelezeshwa kando, juu au chini, miondoko ileile ya kibao cha mguso cha kompyuta ya mapajani. Vidole vitatu haviwezi kutoka katika mikono miwili inayobeba kifaa. Ni lazima mkono mmoja uachie, au kishikwambi kilazwe mezani. Mwili unaodhaniwa na matini umebadilika, kutoka kwa mtu aliyekishika kifaa hadi kwa mtu aliyeketi mbele yake. Ukingo wa kushoto, uliokuwa wa wakati, unafungua paneli ya habari na hali ya hewa, na gumba linaloufikia kwa urahisi kuliko mahali pengine popote limepewa jambo ambalo mtu hakuwa akilitafuta.

Hata hivyo, mwanzoni mwa 2023 Windows 11 iliongezewa jambo ambalo msomaji wa Windows 8 atalitambua mara moja. Kibodi ikiondolewa, upau wa kazi hujikunja na kuwa ukanda mwembamba, na kidole kikiteleza kutoka chini, hufunguka wote. Ukingo unatunza, kidole kinaita. Safari hii ukanda ule uliokunjwa haukuachwa mtupu: unaonyesha saa, betri na mtandao, na kwa kuonekana kwake tu unamwambia asiyejua kwamba pale chini pana kitu cha kuvutwa. Kingo nyingine tatu hazijapata matengenezo ya aina hiyo.