Menyu Inayoujua Mkono

Anayewasha kompyuta ana shida yake: kuandika barua, kupiga hesabu za duka, kusikiliza muziki. Menyu ya programu ni njia tu ya kumfikisha huko, na ikisanifiwa vizuri anaipita bila hata kuikumbuka. Nadhani ndiyo maana ufundi huu hausifiwi inavyostahili.

Msanifu wa menyu huanza na mkono. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda wa kuifikia shabaha hutegemea umbali wake na ukubwa wake. Kwenye skrini kanuni hiyo huzaa faida ya pekee: kishale cha kipanya kikigonga ukingo hukwama hapo hata ukisukuma, kwa hiyo kitufe kilichobanwa konani ni vigumu kukikosa. Windows 95 iliweka kitufe chake cha kuanzia kona ya chini kushoto, mahali pazuri kuliko pote, kisha ikaacha mwanya wa pikseli chache kati ya kitufe na ukingo. Ulipofika konani kabisa na kubofya, hakikufunguka kitu. Matoleo ya baadaye yaliuziba mwanya huo.

Lakini ustadi wenyewe huonekana kwenye menyu ndogo. Umeweka kishale juu ya kundi la Ofisi, na orodha yake imefunguka upande wa kulia. Programu unayoitaka iko chini kidogo. Mkono wa binadamu haufuati mistari iliyonyooka kwa rula, hukata mshazari. Njiani kishale kinagusa kundi la Michezo, na menyu isiyo na subira inaifunga Ofisi na kukufungulia michezo usiyoiomba. Windows ilijaribu kutibu hilo kwa kungoja milisekunde 400 kabla ya kubadili orodha, dawa inayomchelewesha kila mtu. Bruce Tognazzini, alipokuwa Apple, alikuwa na jibu bora: menyu iangalie kishale kinaelekea wapi. Maadamu kinasogea kuelekea menyu ndogo, ndani ya eneo linalotanuka mfano wa pembetatu, orodha ibaki wazi. Nalihesabu wazo hili miongoni mwa mazuri kabisa katika usanifu wa kompyuta, kwa sababu linasoma nia ya mtu katika mwendo wa mkono wake.

Mkono pia una kumbukumbu. Office 2000 ilificha amri zisizotumika mara kwa mara ili kufupisha orodha. Nia njema, ila kitu ulichokizoea mstari wa nne leo kilikuwa wa pili. Windows 11, ya mwaka 2021, imehamishia kitufe cha kuanzia katikati, na kila programu mpya inapofunguliwa kitufe hicho husogea kidogo kushoto. Anayetaka anaweza kukirudisha konani kwenye mipangilio, na mimi ningemshauri akirudishe.

Kwenye Linux, Whisker Menu, menyu ya programu ya eneo-kazi la Xfce, inakuruhusu kuweka kisanduku cha kutafutia karibu na kitufe ulichobofya, ili kishale kisisafiri bure. Hapo unaandika herufi chache tu. Na nyuma ya kila programu inayoonekana kwenye menyu kuna faili dogo la maandishi lenye jina lake, kundi lake, na pengine mstari wa maneno ya utafutaji, ambao unaweza kuandikwa kwa kila lugha. Katika faili la Calc, programu ya majedwali, mtu akiongeza kwa Kiswahili “hesabu”, “mapato” na “matumizi”, mwenye duka asiyelijua jina hilo ataandika “hesabu” na kuipata. Kuuongeza mstari huo ni kazi ya dakika chache, na anayeifanya hahitaji kuwa mtaalamu wa kutengeneza programu. Anahitaji kujua watu wanaitaje kazi yao.